Uzito wa puani: kuvuta tela la boti kwa Touareg kati ya Matema na Dar

Kaka yangu ana boti ya faiba ya mita sita na nusu pale Matema, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Inabeba abiria, magunia ya mchele na vyungu vya Wakisi kutoka Ikombe na vijiji vingine vilivyobanwa kati ya maji na Milima ya Livingstone. Ilipopasuka mkuku, fundi wa faiba tuliyemwamini alikuwa Dar es Salaam, na mwenye gari la kuifikisha huko katika ukoo wetu nilikuwa mimi. Gari lenyewe ni Volkswagen Touareg ya mwaka 2013, dizeli ya V6, iliyonunuliwa ikiwa imetumika Uingereza. Tangu siku hiyo nimeivuta boti ile safari sita, kwenda na kurudi, na kila mtu anayeniona kituo cha mafuta ananiuliza swali lilelile: gari zuri namna hii haliharibiki? Haliharibiki ukifuata taratibu zake. Nitaeleza ninavyofanya, kwa mpangilio ninaoufanya.

Aliyenifungia chuma cha kuvutia aliniambia, "Mama, hili gari lina nguvu, litavuta hata nyumba." Nguvu linayo kweli, injini yake inatoa nyutonimita 550. Ila katika kazi hii nguvu ndiyo inayonisumbua kidogo kuliko yote. Tela linavutika hata na gari dogo. Tabu ni kulisimamisha, kulishusha mlimani, na kulifanya likufuate bila kujichagulia njia yake.

Anza na kitabu cha gari

Umbo la gari halikwambii linavuta kilo ngapi. Kitabu cha Touareg yangu kinasema tela lenye breki zake lisizidi kilo 3,500, tela lisilo na breki lisizidi kilo 750, na uzito unaokandamiza chuma cha kuvutia usizidi kilo 140. Sasa chukua Lexus RX 350, nayo ni gari la kifahari la ukubwa unaokaribiana na hilo. Kwa matoleo yaliyouzwa Marekani yakiwa na vifaa vya kuvutia, Lexus wanaruhusu pauni 3,500, yaani kilo 1,588 hivi. Tarakimu ni zilezile 3,500, lakini moja ni kilo na nyingine ni pauni, na tofauti yake ni zaidi ya mara mbili. Nimeona watu wakinukuliana hiyo namba bila kutaja kipimo. Uliza daima: kilo au pauni?

Kama gari lako lilitengenezwa kwa soko la Ulaya, tafuta kibati kwenye nguzo ya mlango. Kina mistari minne ya kilo. Wa kwanza ni uzito wa juu wa gari na vyote vilivyomo, wa pili ni uzito wa juu wa gari na tela kwa pamoja, wa tatu ni ekseli ya mbele na wa nne ekseli ya nyuma. Mstari wa pili ndio watu wanaousahau. Ukijaza abiria watano na mizigo kwenye buti, kilo ulizoruhusiwa kuvuta zinapungua. Na uzito unaokaa juu ya chuma cha kuvutia unahesabiwa kuwa mzigo wa gari, kana kwamba umempakia mtu mzima nyuma kabisa ya buti.

Kama kitabu cha gari lako hakitaji kabisa uzito wa kuvuta, usichukue namba ya gari la jirani linalofanana nalo. Gari moja likiuzwa nchi mbili linaweza kuwa na feni, rejeta na giaboksi tofauti.

Pima, usikisie

Kaka aliniambia boti na tela ni "kama kilo mia nane hivi". Nililipeleka tela kwenye mzani wa wanunuzi wa vyuma chakavu, nikalifungua toka kwenye gari, likasoma kilo 1,320. Faiba iliyozeeka inanyonya maji, kuna mbao ndani, kuna nanga, kuna injini ya nguvu farasi 40 nyuma, na tela lenyewe ni chuma. Kwa kilo hizo breki za tela hazina mjadala. Bila breki zake ningekuwa navuta karibu mara mbili ya kilo 750 nilizoruhusiwa.

Kupima kunakugharimu fedha kidogo na nusu saa. Ndiyo hatua ninayowasihi watu waifanye kuliko nyingine yoyote, kwa sababu hesabu zote zinazofuata zinaitegemea.

Uzito wa puani

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo nilipokaribia kumpoteza mwanangu.

Tela la ekseli moja ni kama mizani ya dukani. Ekseli ndiyo katikati, pua imefungwa kwenye gari, na mkia unaning'inia nyuma. Pua ikiwa na uzito wa kutosha, tela linatulia. Pua ikiwa nyepesi, mkia ndio unaotawala, na mkia unapenda kuyumba. Ikizidi kuwa nzito nayo ni hatari: gari linakaa kitako, matairi ya mbele yanapoteza mshiko, usukani unakuwa mwepesi na taa zinamulika angani.

Kiasi gani basi? Kwa gari la Ulaya lenye kikomo kama cha kwangu, mimi nalenga asilimia 7 ya uzito wa tela. Kwa kilo 1,320 ni kama kilo 92, nami naridhika ikisoma 90 hadi 100. Wamarekani wanataka zaidi, asilimia 10 hadi 15, na magari yao na vyuma vyao vimetengenezwa hivyo. Fuata kitabu cha gari lako, na usivuke kikomo cha chuma wala cha gari, kile kilicho kidogo ndicho kinachotawala.

Kupima ni rahisi. Nina mzani wa bafuni, ule wa kupimia watu, unaokwenda hadi kilo 150. Tela likiwa sehemu tambarare na magogo yamebana magurudumu yake, naweka mzani chini ya pua, juu yake nasimamisha kipande cha mbao kilichokatwa kwa urefu unaoiacha pua kimo kilekile inachokaa ikiwa kwenye gari. Nalishusha gurudumu dogo la mbele taratibu hadi uzito wote umekaa kwenye mbao, nasoma. Ikiwa pua ni nyepesi, nahamisha nanga na madumu mbele. Ikiwa haitoshi, nasogeza boti nzima mbele kwenye tela na kukifunga upya kizuizi cha mbele.

Safari ya kwanza ya kurudi Matema nilipima Dar, ikasoma kilo 95, nikafurahi. Tukalala Morogoro. Usiku ikanyesha mvua ya kweli, na kizibo cha boti, kile cha kutolea maji nyuma, kilikuwa kimefungwa. Maji yakakusanyika kwenye mkia, kama lita 150. Asubuhi kijana aliyetusaidia kupanga mizigo akayahamisha madumu mawili ya petroli kutoka mbele kwenda nyuma ya boti ili apate nafasi, na mimi sikuangalia. Tukaondoka.

Tulipita Mikumi salama maana pale mbugani mwendo ni mdogo na matuta ni mengi. Baada ya mbuga barabara ikafunguka, nikafika kilomita 90 kwa saa. Basi likatupita. Upepo wake kwanza uliisukuma boti pembeni, kisha ukaivuta, na tela likaanza kucheza. Mara ya kwanza kidogo, ya pili zaidi, ya tatu nyuma ya gari ikahama njia. Mwanangu wa miaka kumi na mmoja alikuwa kiti cha nyuma akishika mlango kwa mikono miwili.

Nilichofanya ni kile nilichofundishwa, na nashukuru nilifundishwa. Niliondoa mguu kwenye mafuta, nikashika usukani sawasawa katikati bila kujaribu kulifukuza tela kulia na kushoto, na sikukanyaga breki. Ukikanyaga kwa nguvu tela linakusukuma kutoka nyuma likiwa limepinda, nalo linaweza kukugeuza. Ukiongeza mafuta unaongeza mwendo, na mwendo ndio chakula cha kuyumba. Acha gari lijipunguze lenyewe. Tulipofika kama 60 tela likanyooka.

Nilisimama mahali papana, nikatoa mzani. Pua ilisoma kilo 31.

Hesabu yake si ngumu. Maji ya kilo 150 yaliyokaa mita moja na nusu nyuma ya ekseli, na pua iko mita tano mbele yake, yanainua pua kwa 150 mara 1.5 gawanya kwa 5, yaani kilo 45. Madumu kuhama toka mbele kwenda nyuma kulimaliza kilo nyingine 20 hivi. Hakuna kilichobadilika machoni. Tela lilionekana lilelile la jana.

Tangu siku ile kizibo cha boti kinasafiri kwenye mfuko wangu. Tundu linabaki wazi njia nzima, na pua inapimwa kila asubuhi, hata kama hatujagusa kitu.

Breki za tela na waya wa mwisho

Breki za matela mengi yanayotoka Ulaya hufanya kazi kwa kusukumwa. Gari likipunguza mwendo, tela linakuja mbele, shingo yake inaingia ndani na kuvuta kebo za breki. Hazihitaji umeme wala kifaa ndani ya gari. Kabla ya safari napiga jeki upande mmoja baada ya mwingine, nazungusha gurudumu kwa mkono kwenda mbele, kisha msaidizi anavuta hendibreki ya tela. Gurudumu lisiposhika, au upande mmoja ukishika kabla ya mwingine, kebo zirekebishwe. Shingo nayo ina nipo ya grisi. Ikikauka breki zinakuja kwa kishindo.

Kuna waya mwembamba wa chuma kutoka kwenye hendibreki ya tela. Huo unafungwa kwenye gari, na kazi yake ni moja: tela likichomoka, waya unavuta hendibreki kabla ya kukatika, tela linasimama lenyewe. Usiuzungushie kwenye tufe la kuvutia, kile kichwa cha mviringo ambacho pua ya tela hukaa juu yake, maana tela likiruka waya nao unaruka. Funga kwenye pete ya chuma iliyochomelewa. Kama tela lako lina minyororo badala ya waya, ipishanishe chini ya shingo iwe kama kitanda, ili pua ikianguka idakwe isichimbe lami.

Kuunganisha

Kwanza kikombe cha tela kiendane na tufe la gari. Langu ni milimita 50. Kuna matufe ya inchi mbili, ambayo ni karibu milimita 51, na kwa macho hutaona tofauti. Namba imegongwa kwenye chuma, isome.

Pua ikishakaa na kikombe kimejifunga, nazungusha gurudumu dogo la mbele kana kwamba nataka kuliinua tena tela. Kama mkia wa gari unainuka pamoja na pua, limeshika. Kama pua inatoka peke yake, lilikuwa limekaa juu tu, na lingechomoka kwenye tuta la kwanza. Hii hatua inachukua sekunde ishirini. Siiruki hata mvua ikinyesha.

Umeme ulinipa tabu ndefu. Fundi wa umeme wa kwanza aliunga waya za plagi moja kwa moja kwenye waya za taa za nyuma za gari. Taa za tela ziliwaka vizuri. Lakini gari lenyewe halikujua kwamba lina tela. Kila nikirudi nyuma, vitambuzi vya maegesho vilipiga kelele mfululizo, dashibodi ikaonya kuhusu taa, na kibaya zaidi, mfumo wa gari wa kutuliza tela linaloyumba haukuwa na taarifa kwamba kuna kitu nyuma. Mfumo huo hukanyaga breki gurudumu mojamoja na kupunguza nguvu ya injini pale unapohisi tela linacheza. Kwenye magari kama haya hufanya kazi tu ikiwa plagi imeunganishwa kupitia kisanduku chake chenyewe, na gari likaelezwa kwa kompyuta kwamba sasa lina tela. Siku ya Mikumi ulikuwa umezimwa bila mimi kujua. Niliagiza kisanduku, nikabadilisha. Kama umenunua Touareg, X5, XC90 au Discovery na unataka kuvuta, hiyo fedha itumie mapema.

Kisha mtu mmoja asimame nyuma: taa za kawaida, breki, indiketa kushoto, indiketa kulia, hazadi, rivasi. Tela liwe na namba yake ya usajili na bima, viakisi vyekundu nyuma, na ndani ya gari pembetatu mbili na mtungi wa kuzimia moto. Askari wa barabarani watauliza, na wana haki ya kuuliza.

Boti ifungwe kwa mikanda ya kukaza, miwili nyuma na mmoja katikati, pamoja na mkanda wa winchi mbele. Winchi peke yake haitoshi. Kazi yake ni kupandisha boti, haiwezi kuizuia isiruke kwenye tuta. Injini ya boti iinuliwe na kukingwa kwa gogo, isining'inie kwa kifaa chake cha kuinulia.

Tairi na beringi

Tela la boti hukaa miezi bila kwenda popote, kwa hiyo tairi zake huzeeka kabla ya kuisha. Kashata, yaani meno ya tairi, ikiwa nzuri isikudanganye. Ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mimi zikifika miaka sita nazitoa. Soma pia namba ya uwezo. Tairi yenye namba 100 inabeba kilo 800, mbili ni 1,600, na hapo nina ziada ya kilo mia mbili na zaidi juu ya uzito wangu. Upepo ujazwe asubuhi tairi zikiwa za baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye tairi za tela, na tairi za nyuma za gari zipandishwe hadi kiwango cha mzigo kamili kilichoandikwa kwenye kibandiko cha gari. Beba tairi ya akiba ya tela. Ya gari haitaingia.

Beringi zinauawa na maji. Ukifika ufukweni ukiwa umetoka mbali, habu ni ya moto. Ukiizamisha ghafla ndani ya ziwa, hewa iliyo ndani inapoa na kunywea, inavuta maji kupitia sili. Grisi inageuka maziwa. Kwa hiyo tukifika Matema tunakaa kwanza, tunasalimiana na wazee, tunakula, habu zinapoa, ndipo boti inashushwa.

Njiani nasimama kilomita 50 za kwanza kukaza nati za magurudumu, kisha kila baada ya saa mbili. Kila kituo napitisha mgongo wa mkono karibu na habu zote mbili kabla ya kuzigusa. Zikiwa na uvuguvugu sawa, tunaendelea. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, kuna beringi inayokufa au breki inayoshika, na hapo hatuondoki.

Barabarani

Mwendo wangu wa juu ni kilomita 80 kwa saa hata barabara ikiwa nyeupe mbele. Tochi za askari hazinihusu tena. Gari na tela kwa pamoja ni karibu mita 13, basi kupita lori kunataka nafasi ambayo barabara ya Dar hadi Mbeya haikupi mara nyingi. Ninaachia wengine wapite. Basi likikaribia kunipita, naondoa mguu kidogo kwenye mafuta na kushika usukani kwa mikono yote miwili.

Matuta yanahitaji akili yake. Magurudumu ya mbele ya gari yanapanda, ya nyuma yanapanda, dereva anasahau, anakanyaga mafuta, ndipo tela linafika kwenye tuta likiwa na mwendo. Hapo mikanda inalegea na shingo inapigwa. Mimi nahesabu matuta kwa sauti: moja, mbili, tatu. Ya tatu ndiyo ya tela. Kwenye kona za mijini nenda mbele zaidi kabla ya kukata, maana tela hupita ndani ya njia yako. Waendesha bodaboda hawajui hilo, nao hujipenyeza upande wa ndani. Waangalie kioo.

Sasa mlima Kitonga, kati ya Ruaha Mbuyuni na Iringa. Kupanda, ukitoka Ruaha Mbuyuni, kazi ni joto. Nahamisha gia kwa mkono ili giaboksi isihangaike kupanda na kushuka gia, natazama mshale wa joto, ukisogea nazima kiyoyozi. Nikifika juu sizimi injini papo hapo. Naiacha ingurume dakika mbili tatu ili taboi ipoe huku oili ya injini ikizunguka.

Kushuka ndiko kunakoua. Nikitoka Iringa, nasimama Ilula, nanunua nyanya, nakagua kila kitu, na breki zinapoa kabisa kabla sijaanza. Kanuni ya madereva wa malori ni ya kweli: shuka kwa gia ambayo ungepandia. Naweka gia ya pili au ya tatu kabla ya mteremko, wakati bado nina mwendo mdogo, maana katikati ya mteremko huwezi kuipata tena kwa utulivu. Breki naikanyaga kwa nguvu ya kutosha kwa muda mfupi, mwendo unashuka, naachia ipoe. Anayeacha mguu umelala kwenye breki toka juu hadi chini atasikia harufu kama ya nguo inayoungua, kisha kanyagio litalainika. Mafuta ya breki yaliyozeeka yana maji ndani yake, na maji hayo yanachemka. Mimi nayabadilisha kila baada ya miaka miwili, na kwa safari ya Kitonga sisubiri hata hiyo miwili iishe.

Kuna jambo la breki za kusukumwa ambalo sikulijua hadi nilipoliona kwa mkono. Ukishuka kwa gia, injini inalizuia gari, tela linakuja mbele, na breki zake zinashika kidogo njia nzima, hata kama wewe hujagusa kanyagio. Safari ya kwanza nilifika Ruaha Mbuyuni nikiwa najipongeza kwa breki za gari zilizo baridi, nikakuta habu za tela hazishikiki. Siku hizi, pale mteremko unapopoa na mbele kuko wazi, naligusa gari mafuta kidogo tu livute, shingo inanyooka, breki za tela zinapumua. Na chini nasimama nusu saa bila kuvuta hendibreki ya tela, kwa sababu kubana ngoma za breki zikiwa za moto kunaweza kuziharibu. Naziba magurudumu kwa magogo. Vitunguu vya Ruaha viko pale pale kando ya barabara, muda haupotei.

Kutoka Uyole kwenda Kyela kuna mteremko mwingine mrefu kupitia Tukuyu, tena wenye mvua na ukungu. Taratibu ni zilezile, na mwendo nusu ya ule wa Kitonga lami ikiwa na maji.

Kurudi nyuma, na kuishusha

Jifunze kwenye uwanja wa mpira usio na watu, asubuhi nzima, kabla hujawa na foleni nyuma yako. Weka mkono mmoja chini ya usukani, kwenye saa sita. Unakotaka mkia wa tela uende, peleka mkono huko. Ukitaka kulia, mkono kulia. Sogea kama anavyotembea kinyonga, na tela likianza kupinda kuliko ulivyotaka, usipigane nalo. Simama, nenda mbele mita tano, linyooke, anza tena. Tela fupi linapinda haraka kuliko refu. Na msaidizi awe mmoja tu, asimame unapomwona kwenye kioo. Ukipoteza sura yake, simama papo hapo. Matema watoto hujaa nyuma ya boti kila tukifika, na kaka huwaondoa wote na kuwaweka upande wa dereva kabla sijaingiza rivasi.

Ufukwe ule ni mchanga na kokoto. Sipeleki gari majini. Tunalifungua tela juu, kwenye ardhi ngumu, tunaweka mbao mbili chini ya magurudumu yake, tunafunga kamba nene ya mita kumi na tano kati ya gari na tela, nami nalishusha polepole nikiwa natazama maji, gari likiwa bado pakavu. Vijana wanaongoza pua kwa mikono. Kabla ya yote hayo kaka ananipa mkono wazi na kusema, "Dada, kizibo." Nakitoa mfukoni, anakifunga mwenyewe, anakikaza kwa spana, ndipo boti inagusa maji.

Tela likitoka ziwani linaoshwa, linapigwa grisi mpya kwenye habu siku ileile, linaegeshwa kivulini juu ya vipande vya mbao tairi zisigusane na mchanga, hendibreki ikiwa imeachiwa ili breki zisigandie.